Majani Yanaenda Wapi?

Washarika, kaeni vizuri. Wale wa benchi la nyuma mlioegemea ukuta, egemeeni tu, ila msilale, maana mfano wa leo sitaurudia. Nimeubeba tangu Jumanne na umenichosha.

Palikuwa na mtu mmoja. Jina lake liacheni. Alifanya kazi mjini miaka mingi, akastaafu, akarudi huku kwetu mlimani, akajenga nyumba nzuri, na mbele ya nyumba akapanda bustani. Si bustani ya mchicha. Ni bustani ya kutazama: nyasi laini mbele ya baraza, mawaridi kando ya njia, na huko nyuma mteremko wa majani marefu unaoshuka mpaka kwenye mfereji. Huyu alikuwa mtu mwema. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mfano huu ukiufanya wa mtu mbaya hautakusaidia kitu. Alikuwa akipeleka mchango wa msiba kabla hajafuatwa, na watoto wa njiani aliwajua kwa majina.

Majani ya mtu huyu yalikuwa yakikatwa na mama jirani yake. Naye jina lake liacheni. Kila Jumamosi asubuhi mama alikuja na mundu wake, akakata majani ya mteremko na ya kando ya njia, akafunga mzigo, akajitwisha, akaenda kumlisha ng'ombe wake. Hapakuwa na malipo wala makaratasi. Mama alipata majani, mwenye nyumba alipata bustani iliyopunguzwa, na Jumamosi hiyohiyo chupa ya maziwa ilikutwa barazani imefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Ndivyo tunavyoishi huku, na wengi wenu mmekunywa maziwa ya namna hiyo. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, wa kufugwa ndani. Mama alimwita Bibi Arusi, kwa sababu ya baka jeupe lililoanzia utosini likashuka shingoni kama shela. Mume wa mama huyu alikuwa amepooza upande mmoja, na chakula kilichopita kooni mwake bila kumpalia kilikuwa uji wa maziwa. Kwa hiyo hesabu ya nyumba ile ilikuwa nyepesi. Ng'ombe akikosa majani, mzee naye anakosa uji.

Sasa Novemba ikaingia. Mnajua Novemba ya huku kwetu. Tunapaka rangi kuta, tunaziba mashimo ya geti, kwa sababu Desemba watu wetu wa mijini wanarudi na magari yao, na shemeji ya fulani atasimama njiani akiangalia kwa fulani. Hatusemi, ila tunaangaliana. Mtu wetu akaitazama bustani yake akaona mundu wa mama unaacha manundu, hapa pamenyolewa, pale pamebaki, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na dada yake. Akaona haya. Akaamua kununua mashine ya kufyekea majani, ile ya kuvaa begani, yenye kamba ya plastiki inayozunguka kule chini kwa kasi mpaka majani yanakatika.

Na hapa lazima nimsifu. Washarika, kuna watu wanaoa kwa haraka kuliko mtu huyu alivyonunua mashine. Wiki tatu nzima. Alitazama video kwenye simu mpaka mkewe akaanza kusikia muungurumo ndotoni. Alikuwa na daftari. Aliandika: ya betri haina kelele, lakini je, umeme ukikatika siku mbili? Ya waya ni nyepesi, lakini waya haufiki mferejini. Ya petroli ina nguvu, lakini lazima uchanganye na oili kwa kipimo, na ukikosea umeiua. Mpini uliopinda unafaa mtu mfupi, ulionyooka unafaa mtu mrefu, naye ni mrefu. Alimuuliza fundi wa pikipiki, akamuuliza mtunza bustani wa hoteli, akampigia simu hata mpwa wake aliye ughaibuni. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na huyu aliuliza kweli.

Akaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya shamba. Aliyemhudumia alikuwa dada mmoja mwenye koti la bluu, anayeijua kazi yake. Dada hakumwonyesha mashine kwanza. Alimuuliza maswali manne. Bustani ni kubwa kiasi gani? Akajibu kwa hatua, alikuwa amezipima. Ardhi ni tambarare au mteremko? Akajibu. Kuna mawe, kuna mashina? Akajibu, hata mawe alikuwa ameyahesabu. Kisha dada akauliza la nne.

"Na majani yakishakatwa, baba, yanaenda wapi?"

"Yanatupwa," akasema.

Dada akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia kama yanatupwa basi achukue ya kamba, haitamsumbua kwenye mawe wala haitaumiza mawaridi. Ingekuwa majani ya mifugo, angemshauri aendelee na mundu, au achukue ya kisu cha chuma, kwa sababu kamba inamegekamegeka ikigonga jiwe na vipande vinabaki kwenye majani. Dada alisema hivyo kwa sauti ya kawaida huku akifungua boksi. Mtu wetu alikuwa tayari anaangalia kamba. Zilikuwepo za kijani, nyeusi, na za rangi ya chungwa. Akachukua ya chungwa, roli nne, kwa sababu inaonekana vizuri.

Nataka kuwauliza. Alisema uongo? Mama amepita getini kwake Jumamosi za miaka sita na mzigo kichwani. Yeye mwenyewe amekunywa maziwa ya majani yale. Na mtu anapomuuliza majani yanaenda wapi, jibu linalomtoka ni kwamba yanatupwa. Mimi naamini hakudanganya. Aliangalia ndani ya kichwa chake kutafuta majani yanakoenda, na mama hakuwemo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko uongo, kwa sababu mwongo angalau anajua anachoficha.

Jumamosi ikafika. Mama akaja na mundu, akakuta bustani nzima imeshanyolewa, nzuri kama zulia, na majani yametapakaa vipandevipande. Akasimama pale getini na mundu mkononi. Mtu wetu akatoka barazani akiwa amefurahi, akamwambia asihangaike tena, kazi ya kukata imekwisha, yeye akusanye tu. Akamletea na reki. Mama akashukuru mara mbili, akarudi kwake kuchukua kiroba, akaja akakusanya mpaka nyasi ya mwisho. Mtu wetu alimtazama akajisikia vizuri sana. Alijiona amemtua mama mzigo.

Desemba wageni walisimama njiani wakasifu bustani. Januari jua likawaka, hata kule chini tambarare majani yakawa haba, akina mama wakawa wanashuka kwa miguu kutafuta mzigo mmoja. Mtu wetu akaona huruma. Akaanza kufyeka ule mteremko wa mawe kila Ijumaa ili mama akija Jumamosi akute tayari. Kamba iligonga mawe ikamegeka, akavuta nyingine, ikamegeka, akavuta nyingine. Roli ya kwanza ikaisha, na ya pili. Vipande vyenyewe ni vifupi, vingine kama kucha, vingine kama kidole, na macho ya mama si yale ya ujana. Kiroba kilikuwa kikijaa, mama anashukuru, na chupa ya maziwa ikaendelea kuja barazani.

Februari Bibi Arusi akaacha kula. Siku ya kwanza mama alidhani ni joto. Siku ya tatu tumbo likavimba upande mmoja na maziwa yakakauka. Bwana mifugo akaja, akabonyeza, akasikiliza, akamwambia mama tumbo limeziba, na kama anataka kupata chochote kwa mnyama huyu basi achinjwe leo, asisubiri kesho. Mama akaingia ndani akamwambia mumewe. Mzee yule hawezi kusema vizuri. Aligeuza uso ukutani.

Walipompasua wakakuta tumboni donge kubwa kama ngumi mbili, limejisokota na majani, la rangi ya chungwa. Bwana mifugo alisema si mfuko wa plastiki, mifuko anaifahamu, hiki hajawahi kukiona. Mama akaliosha donge lile, akalitia kwenye kitambaa.

Huku kwetu, washarika, ng'ombe akichinjwa kila mtu ana pande lake, na mama alisema mwenye majani hawezi kusahauliwa. Siku hiyohiyo ya msiba wake alikata nyama nzuri ya kidari, akaifunga kwenye jani la mgomba, akaenda nayo kwa jirani. Akabisha. Mtu wetu akafungua. Mama akampa nyama, akamweleza yaliyompata, kisha akafungua kile kitambaa.

"Baba, wewe umetembea, umeona mengi. Hiki ni kitu gani?"

Mtu yule alikiona. Mashine yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya mgongo wake, na kamba ya chungwa inaning'inia. Sauti ya dada wa dukani ikamrudia yote, neno kwa neno, hata mlio wa boksi likifunguliwa.

"Sijui, mama," akasema.

Mama akalitazama tena lile donge. Kisha akasema labda ni yeye mwenyewe. Kuna siku mbili mwezi ule mguu ulimuuma akashindwa kushuka tambarare, akakata majani ya kando ya barabara, pale watu wanapotupa takataka. "Nadhani ni uvivu wangu, baba. Nimemuua mwenyewe."

Mtu yule akaitazama ile nyama mkononi mwake. Akasema, "Inawezekana, mama."

Nimelifikiria sana neno hilo. "Sijui" ni neno la mtu aliyeshtuka, linaweza kumtoka yeyote. Lakini "inawezekana" ni neno la mtu aliyepata nafasi ya pili, akaichukua, akampa mwenzake mzigo wake aubebe. Mama alifunga kitambaa chake, akaaga, akashukuru kwa majani ya miaka yote ile, akaondoka.

Nyama ilipikwa. Mtu wetu hakuweza kula, akamwambia mkewe jino linamuuma. Mke ni mke, hakuamini, na siku ya pili akaambiwa ukweli. Baada ya juma moja mtu yule akaenda kwa mchungaji wake. Alilia, na hakulia kwa kujionyesha. Alieleza yote, mpaka rangi ya kamba.

Mchungaji akamuuliza kama mama anajua. Hajui. Mchungaji akafikiri, akaona huyu mama ameshaumia, kumwambia ni kumtonesha kidonda, tena ni majirani, ukweli huu utaleta uadui mtaani. Akamwambia mtu yule Mungu amemsikia na amemsamehe. Kisha, ili moyo wake utulie, atoe sadaka ya shukrani. Waliinama wakaomba, na mtu yule akaondoka mwepesi.

Alitoa nini? Alitoa ile mashine. Alisema hawezi tena kuitazama pale ukutani. Akaileta kanisani, na roli mbili za kamba zilizobaki.

Naona baadhi yenu mmeanza kutazama dirishani. Ndiyo. Uwanja huu mliousifia siku ya Pasaka, mkasema mwaka huu kanisa limependeza, ulifyekwa na mashine hiyo. Na mchungaji wa kwenye mfano ni mimi.

Sasa mnadhani mfano umefika mwisho, mchungaji amekiri, tuimbe. Laiti ungekuwa umeishia hapo. Siku ileile ya Pasaka, wakati wa shuhuda, mama mmoja alisimama. Alisema ng'ombe wake amekufa kwa sababu ya uvivu wake yeye, kwamba alikata majani ya takataka kwa kukwepa safari, na mume wake sasa anakunywa uji wa maji, na anaomba kanisa limwombee Mungu amsamehe. Mnakumbuka. Kwa hiyo najua sasa mmemjua. Msigeuke. Ameniruhusu niseme haya kwa sharti moja, kwamba msimtazame. Kwa hiyo nitazameni mimi, maana mimi ndiye niliyeshuka hapa, nikaweka mkono wangu juu ya kilemba chake, nikamwomba Mungu kwa sauti kubwa amsamehe mtumishi wake uvivu. Nanyi mkaitikia amina.

Nilikuwa najua. Mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa chake na nilikuwa najua. Nimewahubiria miaka kumi na moja katika kanisa hili na sijawahi kuona aibu kama ninayoiona nikiwatamkia jambo hilo.

Baada ya Pasaka kikundi cha akina mama kilimpa ndama jike, Mungu awabariki. Ndama anataka majani. Jumanne iliyopita natoka ofisini nikamkuta mama yule uwanjani hapa, ameinama, anajaza kiroba majani tuliyoyafyeka Jumatatu. Akanyanyuka, akanisalimu, akasema anashukuru, sasa hata kushuka tambarare hahitaji, kanisa limemkatia. Nikamjibu, karibu mama, Mungu akubariki. Nikapita.

Ndiyo, nikapita. Nilienda mpaka kwenye ngazi pale, nikainua mguu, na kwenye ukingo wa kiatu changu palikuwa na kipande kidogo cha kamba ya chungwa kimenasa na nyasi mbichi. Nilikikodolea macho. Nilifikiri nikitoe nikitie mfukoni, nasema kweli, hilo ndilo lililonijia kwanza. Kisha nikarudi. Nikachukua kiroba mikononi mwa mama, nikakimwaga chote chini, na yeye akashtuka akadhani nimemkatalia majani. Nikamwomba tukae pale kwenye ngazi. Nikamweleza yote tangu duka la mjini.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata hilo halikunisaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia majani yaliyomwagika, akaniuliza swali moja tu.

"Mlikuwa mnajua wangapi?"

Washarika, nilidhani jibu ni wawili. Nikaanza kuhesabu kwa kweli. Yule jirani. Mkewe. Mimi. Mzee wa kanisa aliyepokea mashine, akauliza mbona kitu kipya hivi kinatolewa, nikamweleza. Mke wa mzee wa kanisa, maana mzee yule hana siri kwa mkewe. Mhazini, aliyetaka kujua aandike imetoka wapi. Na mama mmoja wa maombi, aliyeletewa habari hii kama jambo la kuombea. Saba. Tuliketi ndani ya nyumba hii siku ya Pasaka watu saba tunaojua, tumefumba macho, tunamwombea msamaha mtu pekee ambaye hakuwa na kosa.

Nikamwambia, saba. Akasema, "Kumbe nilikuwa peke yangu." Akachukua kiroba chake kitupu, akaenda.

Hatukumchukia, na hiyo ndiyo sehemu mbaya. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za huruma. Tusimtoneshe. Tusilete uadui. Tumwombee. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, nasi tulichoma ubani mwingi, tukatoa sadaka ya mashine, tukafyeka uwanja, tukaweka mikono juu ya kichwa. Sisi ni hodari kwa Mungu, jamani. Kwake tunakwenda upesi, kwa sababu kwake hatuhitaji kubisha mlango wa jirani na kutazamwa usoni.

Na sisi, katika nyumba zetu, tunauliza maswali mengi. Tukinunua bati tunauliza unene. Tukioza binti tunauliza ukoo mpaka babu wa tano. Lakini swali lile la nne, tukishapata tulichotaka nani anakula kilichobaki, hilo tunalijibu bila kufikiri. Yanatupwa. Nani anabeba mzigo kutoka getini kwako kila Jumamosi na wewe hujawahi kumwona? Na nani amekuletea kitu kwenye kitambaa akakuuliza hiki ni nini, nawe ukamwambia hujui? Usinijibu mimi. Sistahili kujibiwa.

Jana jioni nilikwenda kwa yule jirani. Nikamwambia nitakayosema leo. Aliniomba nisimtaje, na sikumtaja. Nilimwambia kilichobaki ni kati yake na mlango wa mama. Yule mama naye nilimuuliza kama nitaje jina lake, akasema hapana, kwa sababu kesho bado atahitaji majirani. Nendeni mkalitafakari neno hilo. Aliyekosewa ndiye anayeulinda ujirani wetu.

Sasa sikilizeni utaratibu. Mashine haitafyeka uwanja huu tena. Kapu la sadaka leo halitapita. Litakaa hapa mbele, na litasubiri wiki hii, na wiki ijayo, na kadiri itakavyohitajika. Mwenye mtu wa kumwendea, mlango ule uko wazi, nenda kwanza, kwaya haitakusema na wala hakuna atakayeandika nani katoka.

Nami nina wangu, na sitamwendea faraghani, kwa kuwa sikumkosea faraghani. Nilimwombea mbele yenu nyote, na mkaitikia amina. Naomba mniruhusu nishuke nisimame pale niliposimama Pasaka. Ninyi msigeuke, bakini mmetazama mbele, nimemuahidi.

Mama. Hazikuwa zile siku mbili za barabarani, na mguu wako ulikuwa unauma kweli. Hukuwa mvivu. Ng'ombe wako hukumuua wewe. Tulijua, na mimi nilijua kuliko wote, na nikakuwekea mkono kichwani. Ile sala naifuta mbele ya hawa walioisikia.